Eti uonevu shuleni ni utoto tu? Hebu tuongee ukweli

"Ni utoto tu, wakikua wataacha." Kati ya kauli zote ambazo watu husema kuhusu uonevu, hii ndo inaniudhi kuliko zote. Uingereza kuna watafiti waliwafuatilia watoto waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958 mpaka wakafika miaka 50, na wale waliokuwa wanaonewa mara kwa mara utotoni bado walikuwa wanasumbuliwa na sonona na wasiwasi kuliko wenzao. Watu wazima kabisa hao! Kwa kijana madhara yanaanza na vitu ambavyo mzazi anaviita uvivu: tumbo linauma kila asubuhi ya shule, maksi zinashuka, usingizi hamna, simu ikilia anashtuka.

"Si walikuwa wanataniana?" Utani upo, sikatai, ila ukimwambia mtani wako inatosha anaacha. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuchunguza haya mambo kule Skandinavia miaka ya 1970, ili kusema huu ni uonevu aliangalia vitu vitatu: kuna nia ya kuumiza, inajirudia, na mmoja kamzidi mwenzake nguvu. Nguvu yenyewe si misuli tu, inaweza kuwa wao ni wengi, au ni maarufu, au wana picha yako.

"Mrudishie, atakuheshimu." Hapa ndo watu wengi tunakosea, tena kwa nia nzuri kabisa, maana unamchukua yule mwenye nguvu kidogo kuliko wote pale halafu unamwambia kazi ya kumaliza tatizo ni yako, akipigwa zaidi ni juu yake, na akifanikiwa kurusha ngumi basi mwalimu anatokea muda huohuo na adhabu inakuwa ya kwake. Wenye nguvu hasa ya kuuzuia uonevu ni wanaotazama. Watafiti wa Kanada waliwarekodi watoto kwa kamera kwenye viwanja vya shule wakakuta uonevu karibu wote una watazamaji, ila wanaoingilia ni wachache mno, na mtoto mwenzao akiingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi tu! Ufini nao wana programu ya shule inaitwa KiVa, imejengwa juu ya wazo hilohilo la kuwabadilisha watazamaji badala ya kuhangaika na mwonevu peke yake.

Na kuingilia si lazima ukunje ngumi. Usicheke. Usisambaze ile video. Muite anayeonewa, "njoo tukae huku", muondoke zenu. Ukiogopa kuongea mbele za watu mfuate baadaye umwambie umeona na haikuwa sawa, halafu nendeni wote kwa mtu mzima mnayemwamini. Huo sio umbea, mmbea anatafuta kumchongea mtu na wewe unatafuta mtu aache kuumizwa.

"Mtandaoni? Zima simu." Ukizima, grupu linaendelea kukusema bila wewe, na mtoto aliyenyang'anywa simu baada ya kusema, mara nyingine hasemi tena. Piga skrinshoti kwanza, ndo uripoti na kubloku.

Halafu kuna hii ya "mwonevu ndani yake anajidharau". Wapo wa hivyo, ila Olweus hakukuta hivyo kwa waonevu wa kawaida, na wengi tu wanapendwa na wana marafiki kibao, ndo maana walimu huwa hawaamini.

Ya mwisho inafanywa sana na shule: "wakalisheni pamoja, wapeane mikono yaishe." Kupatanisha kunafaa kwa waliogombana wakiwa sawa. Anayeonewa akikalishwa mbele ya anayemwonea atasema yameisha hata kama hayajaisha, si anajua wakitoka nje itakuwaje? Ongea na kila mmoja peke yake, na urudi kuuliza baada ya wiki moja au mbili, maana wengine wanabadilisha mbinu tu, makofi yanaisha, kutengwa kunaanza.