Chanjo ya mabinti: maswali mnayoniulizaga nikija shuleni

Mimi ni nesi huku Tandahimba, tukitoka kuchanja chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi narudi zahanati na maswali mengi kuliko vichupa, haya ni baadhi.

Ni kweli inafunga kizazi?
Hapana. Haina kirusi hai, ni kama ganda tupu la HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, ili mwili ukijue sura. Kinachomaliza vizazi ni saratani yenyewe, maana ikishika mama anaweza kutolewa kizazi, na ndo saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania.

Mbona mwanzo miaka 14 dozi mbili, sasa hivi 9 mpaka 14 dozi moja, si mnatujaribia?
Ilianza nchi nzima 2018, ikabadilika 2024 kwa sababu tafiti zilionyesha moja inatosha. Na umri ni hivi, kirusi kinapita kwa kujamiiana na chanjo haitibu aliyekwisha kipata. Wewe mkulima, salfa unapuliza kabla ubwiri haujashika maua ya mkorosho au ukishakausha?

Mbona yule binti alizimia siku ya chanjo?
Nilikuwepo bwana. Foleni chini ya mwembe, jua kali, wengi hawajala toka asubuhi, wa mbele kaona sindano akalegea akaenda chini, haijapita dakika kumi wengine watatu nao chini, na wawili kati yao walikuwa hata hawajachomwa!! Hofu inaangusha mtu kweli, sio maigizo, presha inashuka. Colombia 2014, mji wa El Carmen de Bolívar, mamia ya mabinti waliugua hivyo hivyo, video zikazagaa, uchunguzi haukukuta kosa la chanjo ila wazazi nchi nzima wakaanza kugoma. Hata kwenye majaribio ya chanjo za korona, waliochomwa sindano isiyo na chanjo ndani, zaidi ya theluthi walilalamika dalili kama kichwa na uchovu. Siku hizi tunawapa uji kwanza afu wanakaa dakika 15 ndo waondoke.

Kwahiyo wanaokataa hawajasoma?
Wapo waliosoma sana tu. Bibi yangu alikuwa akiona gari geni anatuficha ndani, mumiani hao, na hakuna aliyemwita mjinga. Alafu kuna mambo yalitokea kweli, Marekani walitumia chanjo kama geresha kumtafuta Osama bin Laden kule Pakistani, ilipojulikana 2011 watu wakazidi kuwashuku hata wachanjaji wa polio. Mtu mwenye hofu anatafuta stori ya kuivisha, na ya njama inamkaa vizuri kuliko maelezo yangu. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2014, watu walisomeshwa tu maandishi ya njama za chanjo, utayari wao kuchanja mtoto ukashuka. Kusoma tu. Ile meseji unayofowadi kwenye grupu "wenye akili waamue" na wewe umechanja... haya.

Mume wangu hataki, nimwambieje?
Usimpe lekcha. Muulize anaogopa nini hasa, afu nyamaza. Baba mmoja alinijia juu mpaka watu wakajaa, kumbe mdogo wake wa kike alifia wodini baada ya sindano, miaka hiyo, hakuna aliyewahi kumweleza kilichomuua. Tulikaa kwenye benchi karibu saa nzima, sikumtajia hata takwimu moja. Mwisho akauliza kama inauma. Nikamwambia inauma, mkono unaweza kuvimba, homa kidogo siku mbili. Kesho yake kamleta binti mwenyewe, kwa baiskeli.