Mafua yasiyoisha: mchokozi huenda yumo chumbani

"Daktari, huu mwezi wa tatu nina mafua." Kauli hiyo tumeizoea kliniki ya mzio, na mara nyingi hayo si mafua. Mafua ya virusi kwa kawaida hupoa ndani ya siku 7 hadi 10. Kamasi jepesi kama maji, chafya za mfululizo, pua na macho kuwasha bila homa, wiki baada ya wiki: hapo tunashuku mzio, yaani aleji, na anayeuchokoza huenda unalala naye kitanda kimoja.

Nazungumzia utitiri wa vumbi, vidudu vya kama robo ya milimita vinavyokula magamba ya ngozi yetu na kustawi ndani ya godoro na mito. Haviumi. Kinachosumbua hasa ni kinyesi chao, kinachotimka ukikung'uta shuka. Ndiyo maana mgonjwa akiniambia anapiga chafya kumi akiamka kisha anatulia akifika kazini, huanza kumuuliza habari za godoro kabla ya dawa. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Ya uvuguvugu huondoa uchafu tu, vidudu vinabaki hai. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu hulirusha tu.

Washukiwa wengine ni ukungu nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, mende, na paka. Kwa paka watu hulaumu manyoya, kumbe kisa ni protini ya mate na ngozi yake, nayo hubaki ndani kwa miezi hata akishaondoka. Kumhamishia kwa jirani wiki moja hakuthibitishi lolote.

Kabla ya kuja, shika daftari kwa wiki mbili. Mfano: "Saa 12 asubuhi, kitandani, chafya nane. Jumamosi, napanga nguo za kabatini, macho yanawasha. Safarini siku tatu, sikupiga chafya hata moja." Mstari huo wa mwisho hunisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Kipimo cha ngozi huja baadaye: matone ya vitu vinavyoshukiwa mkononi, kuchomwa kidogo, kungoja dakika 15 hadi 20 kuona pavimbapo. Uliza mapema lini uache dawa za mzio, kwani hupotosha majibu. Na kipimo kikionyesha kitu ambacho daftari halikijui, mimi huamini daftari kwanza.

Dawa ya steroidi ya kupuliza puani hutaka kutumiwa kila siku. Wengi huitupa siku ya tatu, kabla haijashika. Ile ya kuzibua pua papo hapo ni kinyume: ukizidisha siku chache, pua huziba zaidi.

Ukianza kubanwa kifua na kukohoa usiku, huenda ni pumu, njoo mapema. Ulimi au koo vikivimba, au pumzi ikikata, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje daftari lijae.