Bia haisafishi figo: dhana potofu kuhusu pombe na figo

"Bia inasafisha figo, ndiyo maana unakojoa sana."
Unakojoa sana kwa sababu pombe huzuia ubongo kutoa vasopresini, homoni inayoziamuru figo zirudishe maji mwilini. Figo huchuja takriban lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote. Homoni ikipungua, maji yaliyotakiwa kurudi yanaishia chooni. Mkojo ule mweupe ni maji yako mwenyewe, wala haukuondolei uchafu zaidi.

"Pombe ni shauri la ini, figo zinapitisha tu."
Hii ndiyo dhana inayopotosha kuliko zote. Ni kweli ini hubeba mzigo mkubwa, lakini seli za mirija ya figo nazo zina kimeng'enya kiitwacho CYP2E1, ambacho huvunja pombe palepale. Kwa mtu anayekunywa kila siku kimeng'enya hiki huongezeka, nacho kikifanya kazi huvujisha superoksidi na peroksidi ya haidrojeni, kemikali za oksijeni zinazoweza kudhuru seli. Peroksidi ikikutana na chuma huzaa radikali ya haidroksili, yaani chembe kali isiyotulia, inayoshambulia mafuta ya utando wa seli. Molekuli moja ya mafuta ikiharibika, inaambukiza ya jirani. Seli hujikinga kwa glutathioni, kemikali yao ya kuzima sumu hizi, na pombe hupunguza akiba hiyo hiyo. Mirija ya mwanzo huumia zaidi kwa kuwa imejaa mitokondria, vinu vya nishati vya seli: kurudisha chumvi na sukari kwenye damu kunataka nguvu nyingi, na mitokondria ikiharibika huvujisha radikali zaidi.

Sehemu kubwa ya maelezo haya imetokana na panya wa maabara. Kwa binadamu, njia iliyo wazi zaidi ambayo pombe huumiza figo ni shinikizo la damu, ambalo unywaji mwingi hulipandisha.

"Mimi nakunywa bia tu, sigusi pombe kali."
Piga hesabu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Toti mbili za mililita 30 za kinywaji cha asilimia 40 zina gramu 19.

"Hangova dawa yake ni diklofenaki."
Hapa watu wanajiumiza bila kujua. Mwili ukiwa umekauka, figo hutegemea prostaglandini, kemikali za mwili zinazotanua mishipa, ili mishipa yake ibaki wazi. Diklofenaki na ibuprofeni huzizuia, damu inayofika kwenye figo inapungua, na figo zinaweza kufeli ghafla, hasa kwa aliyetapika au kuharisha. Mnywaji mzoefu asikimbilie paracetamol nyingi pia: CYP2E1 huigeuza sehemu yake kuwa sumu inayomaliza glutathioni. Anza na maji na chakula.

"Nitameza vitamini C kwa wingi, itaondoa sumu."
Ikizidi, mwili huigeuza kuwa oksalati, taka inayoweza kuganda kwenye figo, na chembe zake huweza kuziba mirija ileile.

"Kreatinini yangu iko sawa, figo ni nzima."
Kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, inaweza kubaki ndani ya kiwango hata baada ya karibu nusu ya uwezo wa figo kupotea. Mnywaji aliyekonda misuli huizalisha kidogo, hivyo jibu lake hupendeza kuliko hali halisi. Omba pia kipimo cha albumini (protini ya damu) kwenye mkojo: miligramu 30 au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini, zikidumu miezi 3, ni dalili ya ugonjwa sugu wa figo, hata kama huumwi popote.