Sinia la kinga chini ya mashine ya kufulia: maji yake yatokee wapi?

Sinia la kinga ni trei ya plastiki au bati yenye kingo za sentimita tano hivi, inayokaa chini ya mashine ya kufulia ili ipokee maji yanayovuja. Ubavuni lina tundu, mara nyingi la inchi moja, ambapo huungwa bomba la kuyatoa nje. Sinia lisilo na bomba ni beseni tu: likijaa, linafurika, na taili zako zimelowa vilevile.

Lina mipaka yake. Sinia la sentimita 70 kwa 75, lenye kina cha sentimita 5, linabeba lita 26 hivi. Mpira wa kuingiza maji ukipasuka unaweza kumwaga zaidi ya lita kumi kwa dakika, na bomba la inchi moja lenye mteremko mdogo linaweza kuzidiwa. Kama maji yanatoka kwenye tenki la lita 1,000 lililoko juu, maji yote yatashukia chumbani wakati wewe uko sokoni Kirumba. Dawa ya hilo ni kufunga koki kila ukimaliza kufua. Sinia ni la uvujaji wa polepole: kipete cha mpira kilichochoka kwenye maungio, sili ya pampu iliyoanza kulegea, au povu linalofurika kwa sababu mtu ametia kwenye mashine sabuni ya unga iliyokusudiwa kufulia kwa mkono.

Mwanza suala hili lina sura yake. Nyumba za mlimani, kama kule Isamilo au Bugando, mara nyingi zina chumba cha chini ambacho upande mmoja umeegemea mwamba na upande wa pili unatazama bondeni. Kwa miaka kinakuwa stoo. Siku mwenye nyumba akiamua kukimalizia, apige plasta, aweke taili na jipsamu, mashine nayo hupelekwa huko. Hapo ndipo njia ya bomba la sinia iamuliwe, kabla ya zege la sakafu na si baada ya taili.

Njia bora kwa nyumba ya namna hiyo ni kulitoa bomba kwenye ukuta wa upande wa bondeni, mdomo wake ukiwa wazi na unaoonekana. Mdomo ukidondosha maji, unajua mashine ina tatizo. Ukifichwa, sinia linaweza kuficha uvujaji miezi mingi. Kanuni za ujenzi za Marekani, ambako besimenti ni jambo la kawaida, zinataka bomba la sinia la hita ya maji lisipungue robo tatu inchi, na likitokea nje, mdomo uwe kati ya inchi 6 na 24 kutoka ardhini. Hizo ni za hita, lakini kwa mashine ya kufulia nisingeshuka chini ya inchi moja, maana nyuzi za nguo huziba haraka. Mdomoni funga wavu, mijusi hawaombi ruhusa. Kisha maji yaelekezwe kwenye mtaro, kwa sababu mlimani paa la jirani huwa chini ya sakafu yako.

Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita unatosha. Bomba la mita 3 basi litashuka sentimita 6, na tundu la sinia liko karibu kabisa na sakafu. Ndiyo maana fundi mzuri hujenga kwanza kiti cha zege cha sentimita 10 hadi 15, kipana na kilichopimwa kwa pimamaji, kisha sinia na mashine vikae juu yake. Kiti kikiyumba, mashine itatembea ikianza kukamua.

Kosa linalofanywa sana ni kuliunga bomba hili moja kwa moja kwenye bomba la maji taka. Ukiweka kona ya maji ya kuzuia harufu, yaani bomba lililopinda linalobaki na maji, maji yake yatakauka, kwa kuwa sinia halipokei kitu miezi na miezi; harufu ya chemba itapanda hadi chumbani. Baya zaidi, masika chemba ikiziba, uchafu hutafuta tundu la chini kuliko yote ndani ya nyumba, na tundu hilo ni sinia lako. Kama lazima maji yaishie ndani, yadondokee juu ya tundu la sakafuni, pawepo nafasi ya hewa kati ya bomba na wavu. Mpira wa mashine wa kutolea maji ya kufulia usiwekwe humo kabisa; una bomba lake la wima.

Kabla ya taili, mwaga ndoo moja polepole ndani ya sinia, mtu mmoja akiwa nje anatazama. Maji yakituama, mteremko haupo.

Chumba kilichozikwa pande zote, au kilicho karibu mno na ziwa, hakina pa kutolea maji kwa mteremko. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia kwenye viwanja vingi vya ufukweni. Mdomo ulio chini hivyo ungezama. Hapo chaguo ni shimo dogo lenye pampu, ambayo umeme ukikatika inalala, au kengele ya betri inayolia sinia likilowa, pamoja na koki iliyo karibu na mlango. Mimi ningeipeleka mashine ghorofa ya juu.