Yungiyungi halizaliwi na mvua

"Haya maua ni ya mvua tu, mtaalamu. Hayana hata mbegu." Mvua zikianza Dodoma, wenye malambo ya samaki hunipigia simu na maneno hayo hayo, na kwa kweli nimechoka kuyasikia. Lambo lilikauka, tope likapasuka nyufa, ng'ombe wakakatiza juu yake. Januari maji yamejaa na majani yametanda, basi mvua ndiyo imeyaleta!

Hayakuondoka. Chini ya tope lile kuna viazi vya yungiyungi vimelala, pamoja na mbegu. Mababu wa mmea huu waliishi nchi kavu kabla ya kuhamia majini, na ndiyo maana mpaka leo unachanua juu ya maji na kutegemea wadudu. Siku ua la bluu linapofunguka mara ya kwanza, litazame katikati: utaona kibakuli cha majimaji, na stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, bado hazijamwaga chavua. Mdudu anayetoka ua jingine huteleza humo, majimaji yakamwosha chavua aliyobeba, ikafika kwenye stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua. Siku zinazofuata majimaji yamekauka, na ua lenyewe ndilo linalotoa chavua, kwa hiyo si rahisi lijichavushe. Kisha kikonyo hujikunja na kuvuta tunda chini ya maji likomae. Likipasuka, mbegu huelea kwa muda zikiwa zimevikwa utando wenye hewa, zikasambaa lambo zima, ndipo zinazama topeni.

Kwa hiyo mkitaka kuyapunguza, ng'oeni viazi kiangazi, kwa jembe, tope likiwa bado na unyevu. Na msimalize yote. Acheni kona moja, samaki wapate kivuli kwenye jua hili letu.

Wengine huniambia magugu maji yakikatwakatwa yanakufa. Si kweli. Yanazaana kwa vikonyo vitambaavyo juu ya maji. Kipande cha shina kikibaki, kinaanza upya. Yatoeni yote, myaanike mbali na ukingo.

Eti mimea ya maji huchavushwa na maji? Michache tu, kama valisneria, mmea unaoota chini ya maji, ambao maua yake dume hukatika na kuelea hadi kwa maua jike.

Na dawa ya magugu ndani ya lambo la samaki: majani yakifa yote kwa pamoja yanaoza, oksijeni inapungua, asubuhi samaki wanaelea. Anayetaka kupiga dawa anipigie simu kwanza.