"Sitaki matatizo, nataka suluhisho": dhana potofu kazini na ukweli wake

Nilipokabidhiwa usimamizi wa mafundi kwenye gereji moja ya Dar es Salaam, nilirithi na msemo wa bosi aliyenitangulia: "Sitaki matatizo, nataka suluhisho." Niliutumia kila asubuhi, nikiamini najenga timu. Umetugharimu sana, ndiyo maana naanza nao.

Dhana potofu: Anayetaja tatizo bila suluhisho anakwamisha kazi

Ukweli: huenda ndiye pekee aliyeliona. Ililetwa Toyota Noah inayochemsha. Kijana anayejifunza kazi alifungua kifuniko cha oili, akakuta kwa ndani kumeganda utando wa rangi ya chai ya maziwa. Akaufuta kwa tambara, akafunga. Hakujua maana yake, na kwa kuwa hakuwa na suluhisho, akanyamaza. Sisi tukasafisha rejeta, tukajaza maji, mteja akalipa na kuondoka. Siku ya tatu gari likarudi likivutwa kwa kamba kutoka Chalinze. Gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho chini ya sehemu ya juu ya injini, ilikuwa imeungua, maji yakawa yanaingia kwenye oili, na hedi yenyewe sasa ilikuwa imepinda. Nilipomuuliza kijana kwa nini hakusema, alinijibu kwa adabu: "Bosi, ulisema tusikuletee matatizo."

Waliotengeneza Noah ile wanalijua jambo hili tangu zamani. Kwenye viwanda vya Toyota, mfanyakazi yeyote akiona kasoro huvuta kamba iliyopita juu ya sehemu yake ya kazi, au siku hizi kwenye viwanda vingine hubonyeza kitufe. Taa inawaka, kiongozi wa timu anafika, na kasoro isipotatuliwa kwa muda uliopangwa, kazi ya kuunganisha magari inasimama. Aliyevuta haulizwi kwanza kama ana jibu. Chimbuko lake ni mashine za kufuma nguo za Sakichi Toyoda, mvumbuzi wa Kijapani na baba wa mwanzilishi wa Toyota: ile ya mwaka 1924 ilijizima yenyewe uzi ukikatika, isiendelee kutoa kitambaa kibovu.

Dhana potofu: Suluhisho zuri ni lile la haraka

Gari likichemsha, fundi mwenye haraka anatoa themostati na kuitupa. Nimeona mara nyingi mno. Kazi ya themostati ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kwenye magari mengi kati ya nyuzi 80 na 90 hivi. Ukiitoa, mshale wa joto unaweza kushuka na mteja akafurahi, lakini injini itachelewa kupata joto, itakula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Kama aliyekuwa akichemsha gari ni mwingine, bado yumo humo ndani.

Taiichi Ohno wa Toyota alifundisha kuuliza "kwa nini" mara tano. Mashine imesimama kwa nini? Fyuzi imeungua, mzigo umezidi. Umezidi kwa nini? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu haivuti vizuri. Kwa nini? Shafti yake imelika. Kwa nini? Haina chujio, vipande vya chuma vimeingia. Anayebadilisha fyuzi peke yake ajiandae kununua nyingine.

Dhana potofu: Kuzingatia suluhisho ni kuwaza mazuri tu

Gabriele Oettingen, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha New York, amelichunguza hili kwa miaka mingi. Aligundua kwamba kujipigia picha ya mafanikio peke yake mara nyingi hupunguza juhudi. Kinachosaidia zaidi ni kuliweka lengo ubavuni mwa kikwazo chake, kisha kupanga mapema: kikitokea hiki, nitafanya hivi. Kwetu inakuwa hivi: "Spea isipofika saa nne, nampigia mteja kabla hajanipigia."

Dhana potofu: Mtaalamu huanza na kilichoharibika

Hapa ndipo nimejifunza zaidi. Steve de Shazer na mkewe Insoo Kim Berg, washauri wa familia huko Milwaukee, Marekani, walikuwa na swali ambalo fundi mzuri analo bila kuambiwa: ni lini tatizo halipo?

Gari linachemsha kwenye foleni ya Ubungo, lakini ukishika barabara ya Morogoro na kukimbia linatulia? Tazama feni kwanza, kwa sababu likikimbia upepo wenyewe unapoza rejeta. Linatulia mjini ila linachemsha kwa mwendo mkali au mlimani? Hapo nashuku rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka. Saa ambazo gari ni zima zinakuonyesha pa kushika kabla hujafungua nati hata moja.

Hata kwa watu inafanya kazi. Fundi wetu mmoja alikuwa mchelewaji, na maonyo hayakusaidia. Nikamuuliza siku anazowahi kuna nini. Akasema ni zile ambazo shangazi mtu ndiye anayempeleka mtoto shule. Tukasogeza zamu yake kwa saa moja, kuchelewa kukaisha.

Dhana potofu: Mwenye moyo hushinda kikwazo chochote

Hapana. Mtu ambaye hajalipwa miezi miwili hakosi mtazamo, anakosa mshahara. Jeki mbovu ni ya mwenye gereji kununua, si ya kijana kuvumilia akiwa chini ya gari. Kumwambia "fikiria suluhisho" ni kumtwisha mzigo wa mwingine, na naliona hilo ni dhuluma.

Yule kijana bado yupo nasi. Siku hizi akikuta kitu asichokielewa, ananiletea kifuniko mkononi hata nikiwa nazungumza na mteja.