Makaa ya mawe yakigeuzwa gesi, umeme unaongezeka kwa kiasi gani?

Mtambo wa kawaida wa makaa ya mawe huyasaga makaa, huyachoma ndani ya boila, na mvuke unaopatikana huzungusha turbini. Katika mitambo mingi ya zamani, ni takriban theluthi moja tu ya nguvu iliyomo kwenye makaa inayotoka kama umeme. Iliyobaki huondoka na moshi na maji ya kupoozea.

Kugeuza makaa kuwa gesi kwenye mitambo ya umeme kunalenga kupunguza hasara hiyo. Wachoma mkaa wanajua kuwa tanuri likifukiwa vizuri, kuni hazipati hewa ya kutosha kuungua zote. Hapa pia makaa hunyimwa hewa. Huingizwa kwenye chombo chenye shinikizo kubwa pamoja na oksijeni kidogo na mvuke, katika joto linaloweza kupita nyuzi 1,300 za Selsiasi. Hutoka gesi ambayo sehemu yake kubwa ni kaboni monoksaidi na haidrojeni. Gesi hiyo husafishwa salfa na vumbi, kisha huchomwa kwenye turbini ya gesi, na joto la moshi wa turbini hiyo huchemsha maji ya turbini ya pili, ya mvuke. Faida inatoka hapo: joto lilelile linafanya kazi mara mbili.

Tufuate hesabu rahisi ya mfano. Chukua vipimo 100 vya nguvu ndani ya makaa. Vipimo 80 hivi hubaki ndani ya gesi. Turbini mbili zikifanya kazi pamoja kwa ufanisi wa asilimia 55, zinatoa vipimo 44 vya umeme. Joto linalookolewa wakati wa kupoza gesi linaweza kuongeza 5, tukafika 49. Wengi huishia hapo wanaponadi teknolojia hii. Lakini oksijeni haipatikani bure. Kuna kiwanda kizima kinachobana na kupoza hewa ili kuitenga na naitrojeni, na pamoja na pampu na mashine nyingine kinaweza kula vipimo 6. Kinachobaki ni 43.

Kituo cha Buggenum nchini Uholanzi, cha megawati 253, kilisanifiwa kwa ufanisi huohuo wa asilimia 43. Ili kubana matumizi, wasanifu waliamua hewa ya kiwanda cha oksijeni itoke kwenye turbini ya gesi yenyewe. Kwenye karatasi ilipendeza. Katika uendeshaji, sehemu moja ikiyumba zote huyumba, na kuwasha kituo kulikuwa kugumu. Kilifungwa mwaka 2013. Wasanifu wengi waliofuata waliona heri wapoteze asilimia kidogo kuliko kufungamanisha mashine kiasi hicho, nami nakubaliana nao, kwa sababu mtambo uliosimama haumpi mwananchi umeme.

Wajapani walipita njia nyingine huko Nakoso, mkoa wa Fukushima. Mtambo wao wa majaribio wa megawati 250, ulioanza mwaka 2007, ulitumia hewa iliyoongezwa oksijeni kidogo badala ya oksijeni karibu tupu, hivyo kiwanda cha kutenga hewa kilikuwa kidogo. Ulivuka asilimia 42, na mwaka 2013 ulifanya kazi saa 3,917 mfululizo. Mwaka 2021 ikafuata mitambo miwili ya megawati 543 kila mmoja, Nakoso na Hirono, iliyolenga asilimia 48 hivi.

Hata hivyo boila nazo hazikubaki nyuma. Kituo cha Karlsruhe nchini Ujerumani, kinachochoma makaa kwa njia ya kawaida ila kwa mvuke wa joto na shinikizo kubwa sana, hufikia asilimia 47.5. Kwa hiyo mtu akileta andiko la kugeuza gesi makaa ya Ngaka au Mchuchuma, kusini mwa Tanzania, asilinganishe mradi wake na boila ya mwaka 1970. Aseme pia kama ufanisi wake ni baada ya kituo kujilisha chenyewe, na amepimaje joto la makaa. Ukilihesabu joto linaloondoka na mvuke wa maji kwenye moshi, mtambo uleule hushuka takriban pointi mbili bila kubadilishwa hata nati. Na majivu yakiwa mengi, nguvu nyingi huishia kuyayeyusha.

Sifa nyingine ya teknolojia hii ni kwamba kaboni dayoksaidi huweza kutolewa kabla gesi haijachomwa, ikiwa bado chini ya shinikizo. Ni rahisi kuliko kuisaka kwenye moshi, ingawa inaweza kugharimu pointi 7 hadi 10 za ufanisi. Kemper, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, walijaribu kujenga kila kitu kwa mkupuo. Gharama zikafika dola bilioni 7.5, na mwaka 2017 kazi ya kugeuza makaa ikasimamishwa, kituo kikabaki na gesi asilia. Osaki, mkoa wa Hiroshima, walikwenda hatua kwa hatua kwa mtambo wa megawati 166: mwaka 2017 walianza kwa kupima ufanisi peke yake, wakapata asilimia 40.8 kwa kile kipimo kigumu zaidi, kinachohesabu pia joto linaloondoka na mvuke wa maji, na baada ya hapo ndipo wakaongeza sehemu ya kukamata kaboni. Mpangilio huo ndio ningeushauri kwa nchi yoyote yenye fedha za kuhesabu.